Tarumbeta Baridi

Baba,

Shikamoo. Goti lako linasemaje na ubaridi wa Masama? Migomba ya kihambani imesimama baada ya ule upepo? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka na nina hasira, bora niseme mapema.

Uliuliza kazi yangu huku hasa ni nini. Gesi ikipashwa joto mno inakuwa plasma, yaani kama moto, kama ilivyo kwenye jua. Wataalamu wanataka kuifungia ndani ya vinu itoe umeme, lakini haishikiki. Ikigusa ukuta inauharibu, na yenyewe inapoa. Sisi tunajaribu kuizuia kwa sauti. Natumia tufe la kioo, kubwa kama chungwa. Mashine inalipiga mawimbi kwa mdundo mpaka gesi ya ndani inavuma, na mvumo huo unausukuma moto ubaki katikati.

Ndivyo inavyotakiwa. Miezi saba sasa moto unatulia kidogo tu, kisha unapanda juu na kukipasua kioo. Nimebakiwa na tufe moja. Profesa amesema likipasuka kwenye jaribio la Ijumaa, meza yangu anapewa mwingine. Nitarudi bila shahada, na hapo kijijini mlishaanza kuniita daktari!

Jana nikiwa nimenuna nilikumbuka ile Pasaka uliponitoa kwenye mstari wa matarumbeta mbele ya usharika mzima. Nilikuwa nimelinganisha sauti na wenzangu asubuhi, tarumbeta langu likiwa baridi. Ukasema, "We mtoto, lipulizie kwanza lipate moto! Likipata moto sauti inapanda, utatuharibia wimbo." Nilikurudishia tarumbeta kwa hasira, sikuligusa tena.

Baba, kosa ni lilelile! Napanga mdundo tufe likiwa halijakolea joto, halafu nauacha hivyohivyo. Joto likizidi, mvumo wa gesi unapanda, mdundo wangu unabaki chini. Vitabu vyote hivi, na jambo lenyewe nililisikia kwako nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nimejichukia. Sasa nimebadilisha maelekezo ya mashine, mdundo ufuate joto. Sijui kama itatosha.

Nisalimie Mama, na bibi mzaa mama, na kaka Elia mpiga ngoma wako. Mniombee Ijumaa.

Na neno nililokataa kulisema siku ile: nisamehe, Baba. Tarumbeta langu kama hujampa mtu, usimpe. Nikija na shahada au bila shahada, nitalipulizia kwanza.

Mwanao,
Aika