Velo Iliyobaki Chini ya Mulima

Mujukuu wangu Ezekieli,

Toka Nyakasanza tunakusalimia. Siye wote tuko wazima, na mbuzi ya nyanya yako imezaa mbili. Picha yako ya huko ng'ambo imetushangaza! Milima mizima ya mizabibu, na weye juu kabisa, na velo, ile baisikeli yako, haina hata kifuko nyuma. Unapanda mulima bila kupeleka kitu? Midomo yetu ilibaki wazi.

Unauliza kama mimi pia nilipandaka mulima na velo. Ndiyo, wakati wa vita, tukikimbia toka Iga Barrière. Mama yangu alikaa nyuma, juu ya mizigo. Katikati ya mupando nikashindwa kusukuma. Mwanaume mumoja akaacha velo yake ya mizigo chini ya mulima, akapanda, akanifikia.

"Tusukume yako kwanza, kisha tushuke kuchukua yangu."

Wasukuma velo za mizigo walifanyaka hivyo siku zote, watu wawili kwa velo moja. Lakini kwa kusema kwake nilijua ni mutu wa kabila tuliyokuwa tunaikimbia. Nilishituka. Naye alijua mimi ni wa kabila gani. Tukasukuma.

Tulipofika juu, risasi zikalia kule chini. Akageuka kushuka, akaniita.

"Kuya basi, yangu iko pale."

Nilitaka kwenda, Ezekieli. Nilishangaa kuona miguu yangu iko juu ya pedali, velo inateremuka upande wa Bunia. Tulipofika Mudzipela, pa kuingia Bunia, mama alishuka toka juu ya mizigo. Hapo aliuliza neno moja tu:

"Na yule, nani anamusukumia yake?"

Babu yako