Kwa Shija, Aliyemzima Mlinzi

Shija mjukuu wangu,

Shikamoo yako sijaisikia tangu mavuno, kwa hiyo marahaba nabaki nayo.

Unakumbuka ulipokuja Ushirombo ukanieleza kazi yako ya mgodini? Nilikuwa nachora mstari wa majivu juu ya mtama kihengeni, nijue akiugusa mtu. Ukacheka, ukasema hata kompyuta yako ina majivu yake. Programu yako iliandika majina ya wanaoshuka shimoni. Kila jina lina nafasi yake; likizidi, herufi zinamwagikia pembeni na kufuta kumbukumbu ya mahali mashine inapopaswa kurudi ikimaliza kuandika. Kwa hiyo unapogeuza maandishi yako kuwa programu, unawasha mlinzi. Anaweka alama pembeni ya nafasi ile, na akikuta imeharibiwa anaisimamisha mashine, karani anaandika jina hilo daftarini. Nilielewa. Sikusoma, lakini si mjinga.

Kisha bosi akanung'unikia foleni ya getini, mashine inasimama-simama. Kupanua nafasi ya majina uliona ni kazi. Ukamzima mlinzi, ukapewa hongera.

Siku ya ajali, mjomba wako alipofika getini ashuke kazini, alitaja majina yote matatu, Nkwabi Ng'wanamaganga Lushinge, kama nilivyomlea. Kwetu mtu hataji nusu ya jina. Yakamwagika. Mashine ikapotea njia, ikazimika, wakaiwasha upya, foleni ikasonga. Yeye yuko chini, jina lake halimo. Shimo lilipoporomoka wakaangalia orodha, wakasema wote wametoka. Wakaliziba.

Siku ya tatu ukaja kunisimulia haya jikoni kwangu, unalia, hata chai hukuimaliza. "Bibi, usimwambie mtu, watanifunga." Kesho yake ukapanda basi la Dar.

Nikanyamaza. Kosa hilo ni langu, nalibeba. Lakini mke wa mjomba wako, Mama Kabula, akienda kisimani wenzake, wanaodhani kakimbiwa, wanamuuliza mumewe kaolewa na nani huko Maganzo, kwenye almasi. Anacheka nao. Akirudi anatua ndoo, anajifungia ndani mchana kweupe.

Juzi nimemwambia yote. Aliuliza tu, "Mama, kumbe mlijua?"

Mgodini nimekwenda. Askari wa getini akasema, "Bibi, orodha haina mtu huyo." Neno la kikongwe haliishindi orodha. Lako litaishinda, maana uliitengeneza wewe. Njoo useme, wafukue, nimzike mwanangu. Wakikufunga, chakula nitakuletea mwenyewe. Usipokuja, basi siku yangu ikifika, usije kutia udongo kaburini kwangu.

Ni mimi bibi yako,
mama yake Nkwabi