Pande Mbili za Samaki wa Jiwe

Mjukuu wangu, mume wangu Rajabu,

Huku Ujiji tu wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza kwa nini nina mawe mawili yenye samaki yule yule.

Usichanani nilikuwa nikipasua mawe ya korongoni na rafiki yangu Daforoza, mkimbizi kutoka Burundi, tukitafuta samaki wa kale waliogeuka mawe. Tuliowapata tuliwagawia wenzetu. Siku moja jiwe likapasuka, samaki akaonekana pande zote mbili.

"Tugawane," akasema Daforoza.

Baadaye familia yake ilihamishiwa kambini. Mwaka uliofuata mama yake alikuja peke yake, akanipa kipande cha mwenzangu.

"Kabla hajafariki alisema nikuletee."

Wageni husifu kwamba ninazo pande zote mbili. Mimi ningependa kubaki na upande mmoja, mwenzangu naye na wake.

Bibi yako,
Mwajuma