Mtetea wa Mama Mbelwa

Raskazone, Tanga
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti halikusumbui sana na baridi ya Njombe, na mahindi yameshaingia ndani. Mimi mwili mzima. Moyo ndio umeshtuka, na nimeamua kuandika badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza ili unitetee.

Huku nako, kama huko kwetu, asiye na fedha ya sadaka huleta alichonacho, mayai au ndizi au kuku, na baada ya ibada vinanadiwa nje ya kanisa. Tangu nilipopandishwa kuwa msimamizi wa ghala la katani, mimi nasimama mbele kabisa. Mnadishaji akiniona anasema, "Meneja kafika, wengine shikeni mifuko!" Watu wanacheka, nami nafurahi.

Jumapili mbili zilizopita alinadiwa mtetea mwekundu. Mama mmoja wa Ngamiani, anayeuza vitumbua, akataja bei. Nikapandisha. Akapandisha. Hakuna mwingine aliyefungua mdomo, hata mnadishaji alipoa. Nikadhani wananiogopa. Mara ya nne yule mama akanyamaza, nikaondoka na kuku. Alichinjwa siku ileile.

Jumatano mwinjilisti wetu alinifuata ghalani. "Meneja, Mama Mbelwa alikuwa anakomboa."

"Anakomboa nini?"

"Kuku wake. Mjukuu wake alipougua aliweka nadhiri; mtoto akapona, na ndani hakuna kitu ila yule kuku. Akamtoa, kisha akaazima fedha amnunue arudi naye. Hapa mwenye kukomboa hapandishiwi bei."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulinyamaza wote, baba. Tulidhani kile kimya kingekwambia."

Mama, unajua tangu sekondari naandika daftari la kila siku. Jioni ile nilisoma Jumapili zote za mwaka huu. Nimeandika nilinunua nini, nilimshinda nani, nani alinipa mkono. Neno la siku sikuandika hata mara moja. Jumapili ya yule kuku nimeandika: "Leo hakuna aliyenifikia." Nimepiga na mstari chini yake. Miaka yote hii nilijua Mungu ananibariki ili nionekane, na nilikuwa namshukuru kwa hilo.

Siku iliyofuata nilikwenda Ngamiani na mitetea watatu. Mama Mbelwa alikuwa anapepeta unga wa mchele. Akawatazama kuku, akanitazama mimi.

"Alikuwa mtamu lakini?"

Nikawaweka kuku chini.

"Kuku mzee yule, meno yako yamesalimika?" Akacheka mpaka akaweka ungo chini. "Warudishe wako, mwanangu. Wangu nilishampa Mungu. Hunidai, sikudai."

Kisha akanionyesha boksi. Yule mtetea wake alikuwa ameacha vifaranga kumi. Bila mama yao, kunguru walikuwa wameshachukua sita. Alilisema hilo taratibu, kama anayenieleza njia ya kwenda sokoni.

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Mimi asubuhi niko na vitumbua. Ukiwa na nafasi, njoo ufukuze kunguru."

Basi jana Jumamosi nilikaa uani kwake na fimbo tangu asubuhi hadi adhuhuri. Majirani walipita: "Meneja, umebadilishiwa cheo?" "Mshahara unalipwa na kunguru au na vifaranga?" Nilicheka nao. Hakuna kifaranga aliyechukuliwa.

Ninalokuomba litakuuma. Umeshawatangazia wanakwaya kwamba mimi ndiye mgeni rasmi kwenye harambee ya mabati ya kanisa letu la huko nyumbani. Tafadhali mwambie mchungaji atafute mwingine. Mchango wangu nitakukabidhi wewe, uutie kapuni bila kusomwa jina. Watakuuliza kama nimefilisika. Usinitetee, mama. Waache waulize.

Nisalimie baba mdogo anayekutazamia ng'ombe, dada yangu mwalimu na wanawe, na bibi jirani anayekuletea kuni. Mwombe mjomba, mzee wa kanisa, aniombee pia, ila asiwaeleze watu sababu.

Vifaranga bado wanne. Jumamosi nakwenda tena.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Ezekia