Kesho Wanazika Mgomba Badala Yako

Mume wangu, Baba Kemilembe,

Nakuandikia nimesimama. Kukaa nimeshindwa, kulala nimeshindwa, nimekwenda kisimani wakati mtungi bado umejaa. Baba yako ameamua. Vita vimekwisha zamani, wenzako wamerudi, wewe hata fununu, na yeye sasa anaumwa, anasema hataki kufa kabla hajakulilia. Kwa hiyo kesho wazee wa ukoo watakata mgomba, wauvishe sanda, wauzike shambani badala yako, kama wanavyofanyiwa watu waliopotea. Na mimi, kwa kuwa ni mkeo, ndiye wa kutupa udongo wa kwanza.

Udongo! Mimi!

Siku ulipoondoka hapa Nyakasimbi na mgambo wenzako uliniambia, "Nitakuandikia mambo ya kawaida tu, usije ukalia bure." Na kweli. Watu wanapigana vita, mume wangu ananiletea habari za soksi! Ulinieleza mnavyolala na viatu miguuni, maharage yenye wadudu, chai isiyo na sukari, na koplo wenu anayekoroma mpaka handaki linatikisika. Mimi nilikuwa nasoma kwa Kiswahili, halafu namgeuzia mama yako kwa Kinyambo. Ile ya ndizi nilimsomea mpaka karatasi ikachanika. Mpishi wenu, mtu wa pwani, aliona mikungu imenona shambani, akakata, akawachemshia kikosi kizima embire, ndizi za pombe ambazo hazipikwi. Ukaandika, "Midomo ilitukakamaa, koplo akatoa amri, hakuna aliyeweza kuitikia." Loo! Mama yako alicheka mpaka kitenge kikamfunguka. "Huyo mpishi hana mama?" akauliza. Sijamsikia akicheka hivyo tena.

Katika barua ya mwisho ulisema mmevuka mpaka pale Murongo, umepangiwa kuchota maji, na kwamba shati lako limepasuka kwapani. Basi, ikawa kimya. Yule kijana wa Kituntu mliyekuwa naye alikuja kutusalimu, akasema mara ya mwisho alikuona ukipanda lori, ukampungia mkono. Hakuna aliyekuona umekufa. Hakuna! Sasa moyo wangu utatuliaje?

Jana shemeji alikuja na kamba kuniuliza urefu wako, wapate mgomba wa kukutosha. Nikasimama mlangoni nikainua mkono pale kichwa chako kilipokuwa kinafika. Kemilembe akaja akasimama chini ya mkono wangu, akatazama juu. "Baba alikuwa mrefu hivyo?" Mtoto hakukumbuki. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta kisu. Nimekukasirikia, sikufichi. Nimekukasirikia kama anavyokasirikiwa mtu aliyetumwa chumvi akapitiliza kilabuni.

Nilitaka kukataa. Nilimwendea baba yako maneno yamenijaa mdomoni, nikapiga magoti, "Shikamoo baba." Akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, nimechoka kumsikiliza njiani." Nikamwitikia, "Ndiyo, baba." Maana hata mimi ndiyo kazi yangu hiyo, kila mbwa akibweka natoka nje na mwiko mkononi.

Basi kesho nitautupa huo udongo. Nautupa kwa ajili ya mzee, apumzike. Na nitalia, tena kwa sauti, kwa sababu kulia nataka, nimekunyima machozi muda mrefu mno. Watasema mke amekubali. Waache waseme. Lakini wewe nisikilize vizuri, Baba Kemilembe. Ukirudi, iwe mwakani, iwe nimeshakuwa kikongwe sina jino, ukaliona kaburi lako pale kwenye migomba, usishtuke, usigeuke. Lipite. Bisha hodi, nitakufungulia mwenyewe.

Mke wako, hata kesho kutwa,
Mama Kemilembe