Tulitoka Kununua Mkate

3 Juni

Mwanangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka kwa mjomba wako. Sisi wazima, ila viuno vinalia. Wewe je, kile kikohozi kimeisha?

Najua umepiga simu mpaka umechoka. Simu nimeiacha nyumbani kwenye chaji, maana mimi na Mkunga tulitoka kununua mkate tu. Unamjua rafiki yangu: amezalisha nusu ya mji kwa mikono isiyotetemeka, lakini mpe usukani uone jasho. Nikasema nimpe zoezi kidogo na lile gari nililoachiwa shule ya udereva ilipofungwa, lenye breki pande zote mbili. Tulipoingia kwenye mzunguko wa barabara akaogopa kutoka. Tukazunguka, tukazunguka, mpaka muuza magazeti akaanza kutupungia mkono. Nikamwambia neno ninalowaambia wanafunzi wote: ukikosa njia yako, toka unapoweza, utageuza mbele ya safari. Akatoka. Barabara ilikuwa nyeupe, haina gari. Akaniuliza, "Nigeuzie wapi?" Sijui nilipatwa na nini, nikasema, "Twende kwanza."

Kumbe ndiyo barabara ya kwa mjomba wako. Alipotuona mlangoni alidhani kuna msiba, akaanza kulia kabla hatujasalimiana. Ilibidi tumbembeleze sisi wageni.

Sasa, kuhusu mimi kuhamia huko kwako, sijakataa. Umesema unanichukua kwa sababu hapa sina mtu. Nimeshikwa na hamu ya kujua kama ni kweli. Acha nibishe hodi kwenye milango michache kabla sijafunga wangu.

Binamu yako ataipiga picha karatasi hii akutumie. Ukijibu, mtumie yeye, atajua tulipo.

Mama yako


5 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, na mjomba mpe shikamoo yake. Mimi mzima, kikohozi kimeisha, ila presha umeipandisha wewe.

Mama, Mkunga? Huyu aliyefeli mtihani wa udereva mpaka mtahini akaomba uhamisho? Nimeongea na jirani, akasema mlitoka na kikapu cha mkate. Nguo mnabadilisha nini?

Mpangaji wa nyumba yako anataka kuingia mwisho wa mwezi na anasubiri neno lako. Karatasi zako za safari ziko tayari. Chumba chako nimekipaka rangi mwenyewe, kitanda nimenunua, dirisha linatazama bustani. Sipati usingizi nikifikiria uko peke yako. Ukiugua, nani atakuletea maji? Tafadhali geuzeni, mrudi nyumbani ukafunge mizigo.

Mwanao


9 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo, na nguo tumeazima kwa mke wa mjomba wako. Ni mwembamba, kwa hiyo tunapumua kwa zamu.

Barua yako ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, sikuwa na miwani. Mkunga ameniagiza nikwambie kwamba yeye ndiye aliyekuzalisha, na aliyechelewa kutoka siku ile hakuwa yeye.

Tuko kwa rafiki yako Cheche. Ulipoondoka mlikuwa bado mnasoma pamoja. Sasa ana karakana yake ya kuchomelea, anatengeneza mageti. Njiani askari wa barabarani alitusimamisha. Nilipoteremsha kioo akakakamaa kama mtoto wa shule: "Mwalimu!" Nilimfundisha gia mimi. Akaniuliza kosa tunalifahamu? Nikamwambia kosa ni kwamba dereva anakanyaga mafuta na mimi nakanyaga breki kwa wakati mmoja, ndiyo maana gari linaruka. Mwaka nenda mwaka rudi nimekaa upande wa abiria, mwanangu, mguu haunisikii tena. Mkunga amesema nikigusa breki tena ananishusha.

Cheche alicheka barua yako. Akauliza, "Huyu jamaa siku ya mapumziko hufanya nini? Anakula na nani?" Nikagundua sijui. Mtoto wangu mwenyewe! Haya, niambie. Unakula na nani? Ukitoka kazini unapitia wapi? Kuna mtu anayejua unapenda chai ya namna gani?

Mama yako


14 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai hamjambo, na Mkunga naomba radhi. Cheche mwambie nimefurahi sana.

Unauliza nakula nini? Usiwe na wasiwasi. Asubuhi ni mayai mawili na mkate, chai na maziwa ya kutosha. Mchana kantini ya kazini, wali na maharage, Ijumaa samaki. Jioni nachemsha viazi, nakatia karoti na hoho, na sasa nimejifunza kuoka kuku asikauke. Kazini mambo moto moto. Lifti za majengo haya ni kongwe, kila siku ninaitwa. Watu ni wengi mno, wanapanda, wanashuka. Upweke nitaupata wapi?

Mpangaji amenipigia tena. Unasemaje?

Mwanao


20 Juni

Mwanangu,

Salaam. Nimepata miwani ya kuazima, kwa hiyo barua hizi sasa nasoma na kuandika mwenyewe, na Mkunga yuko nje anaosha gari. Hii ni yetu sisi wawili.

Tumefika kwa dada yangu, mama yako mkubwa. Tangu afiwe na mumewe sikuwahi kulala kwake. Kila nikimpigia alikuwa akisema, "Mimi hapa nimejaa watu, mdogo wangu." Basi nilitegemea kelele. Nilikuta viti vimegeuziwa ukutani na redio inaongea. Nikamuuliza anaishije. Akanieleza chakula: asubuhi hiki, mchana kile, uji anautia ndimu. Alieleza vizuri nikakaribia kusikia njaa. Ndipo nikagundua hajanitajia mtu hata mmoja.

Nilitoka nje nikaisoma tena barua yako.

Nilikuuliza unakula na nani, ukanijibu unakula nini. Mwanangu, nimekufundisha kuzungumza mimi, najua unavyokwepa. Sina hasira. Nataka kujua tu. Hebu niambie kweli, mambo yakoje huko?

Mama yako


29 Juni

Mama,

Shikamoo. Samahani nimechelewa. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Siku za mapumziko huvaa sare ya kazi. Navaa, nachukua mkoba wa vifaa, napanda lifti ya jengo ninaloishi, juu na chini. Nikiwa na sare watu huniuliza jambo. "Fundi, imepona?" Nawajibu imepona. Nikivaa nguo zangu za kawaida hakuna anayeniona. Wakati mwingine naifungua paneli ya vitufe hata kama haina ubovu, ili mtu asimame aulize.

Nilikuandikia kwamba nakuchukua usibaki peke yako. Sikusema kweli. Ni mimi nisiyeweza tena kuingia kwenye chumba kisicho na sauti. Nilitaka tu nikifungua mlango nikusikie unafoka kuhusu viatu vyangu. Nisamehe, mama. Nakuhitaji.

Mwanao


1 Julai

Mwanangu, kipenzi changu,

Nimelia, nimenawa uso, sasa nakuandikia.

Mpangaji nimemwambia atafute kwingine. Dada yangu anahamia kwangu. Alikataa siku mbili tatu, akasema ana kazi nyingi, lakini Mkunga alimwambia, "Wewe ingia kwenye gari, kazi utazikuta njiani." Tunaanza kurudi kesho, yeye nyuma na masufuria yake.

Sasa sikiliza. Nikija leo nikakaa kwenye chumba chako kizuri, tutakuwa wawili ndani na mlango ule ule umefungwa. Mimi ni mzee, sitakuwepo siku zote, na siku nikiondoka utarudi kwenye lifti yako. Hilo linanitisha kuliko uendeshaji wa Mkunga.

Kwa hiyo nakupa sharti. Milango yote niliyobisha mwezi uliopita, hakuna aliyeniuliza nimekuja kufanya nini. Walisema ingia. Basi vua sare. Toka bila mkoba wa vifaa, na bakuli tu, bisha mlango mmoja, omba chumvi. Mtu akikufungulia, kaa naye. Siku utakayoniandikia juu ya mtu mmoja, mmoja tu, uliyekaa naye mkazungumza, siku hiyo nitaandaa safari. Dada yangu nitamwachia nyumba, roho itaniuma, lakini nitakuja.

Mama yako anayekupenda


23 Julai

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na mama mkubwa shikamoo. Hamjambo wote watatu?

Nilibisha mlango wa mkabala. Nimeishi hapa miaka na sikuwahi kumwona anayeishi humo. Alinifungulia mzee mmoja, akatazama bakuli langu, akaniuliza chumvi naitia kwenye nini. Mama, sikuwa nimepika chochote! Nikamwambia ukweli, kwamba mama yangu amenituma. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Ingia, tumjibu mama yako."

Zamani alikuwa anapiga tarumbeta kwenye bendi. Lifti anaziogopa kufa, hupanda ngazi kila siku, ndiyo maana hatukuwahi kukutana. Nimemweleza kila waya na kila breki ya lifti ile, nikamwapia ni salama. Akasema atapanda siku nitakayopanda ngazi naye. Basi sasa tunapanda ngazi pamoja, yeye anapumua vizuri, mimi ndiye ninayeomba tupumzike. Pale tunapopumzika tumepata kuwafahamu akina dada wawili washonaji na mtoto wao mwenye maswali kama yako.

Juzi mzee akaniuliza unakuja lini. Nikamwambia sharti nimelitimiza, nikiandika barua tu utafunga safari. Nikaja kuiandika, nikakaa na kalamu. Nikamfikiria mama mkubwa akigeuza tena viti ukutani.

Mama, usiiache nyumba ya watu wawili iwe ya mmoja. Kaa na dada yako. Chumba kipo, rangi haijachuja. Mkishaaminiana na gari, au Mkunga akipata leseni, chochote kitakachotangulia, njoo ututembelee.

Mwanao