Ati Ole Wameridhia

Jumanne, 4 Juni 2024

Klipu imeingia kwenye simu asubuhi, nikiwa dukani Madungu napima misumari ya mteja. Mume wangu Mbaruk kasimama Bungeni Dodoma, suti mpya, anasema wananchi wa jimbo lake la Ole wameridhia kwa moyo mmoja kutoa mashamba yao, lijengwe soko la kisasa. Wenzake wakagonga meza.

Wameridhia? Nani kaulizwa? Mashamba yenyewe ni matatu, na moja ni la mama yangu!

Nimempigia. Hapokei.

Jumatano, 5 Juni

Nimekwenda Ole. Mama hana habari – nimemkuta anapalilia mihogo. Nilipomwambia, alikaa palepale juu ya udongo. Mikarafuu ya shamba lile aliipanda na marehemu baba. Jirani yake, Mzee Kificho, shamba lake nalo limo. Kasema yeye alimpa Mbaruk kura kwa jambo moja tu: enzi Mbaruk akiuza dukani, akikuahidi mabati Jumatatu, Jumatatu yapo mlangoni kwako. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alhamisi, 6 Juni

Mbaruk kapokea simu. Ati nisiyakuze mambo. Ati kule Bungeni usiposimama na kitu, hata jina lako hawalijui. Kwa hiyo kasimama na shamba la mkwewe!

Jumamosi, 8 Juni

Kaja na ndege ya asubuhi. Watoto hakuwauliza. Kauliza kama nimeshasema na mama, maana anataka mama atie saini ya kutoa shamba kabla Bunge halijakaa Jumatatu, yeye asionekane mwongo.

Nikamwambia, "Uongo ulishausema, Mbaruk. Sasa wataka mama aufanye kweli."

Akavuta sahani. Akala wali wake wote.

Baada ya alasiri wamefika watu wa Ole, wamejaa barazani. Mzee Kificho mbele. Mama pia – kaja na bodaboda, kavaa buibui lake la Idi. Mbaruk kuwaona tu, kaingia chumbani. Kasema niwaambie hayupo, katoka. Niwape chai waende zao.

Chai nimewapa. Naandika jikoni, birika la pili liko motoni.

Mama ameniita kutoka barazani, taratibu, kila mtu asikie. "Mwanangu, mumeo yupo?"

Nikamjibu kwa sauti ifike mpaka chumbani, "Yupo, mama. Tena hajalala."

Kitasa cha chumbani kimelia – mlango haujafunguka.